Ubaguzi Kazini: Akili ya Hisia Idaiwe kwa Nani?

Semina za akili ya hisia zimekuwa sehemu ya maisha ya ofisi zetu. Watumishi hukusanyika ukumbini, wakagawiwa kalamu na daftari, wakaambiwa wajitambue, wazitawale hasira zao na wajifunze kuwaelewa wenzao. Inapofika zamu ya maswali, baada ya chai ya saa nne, hakosekani wa kunyoosha mkono: "Sasa mwezeshaji, kama bosi ananibania kwa sababu mimi si wa kwao, nifanyeje?" Jibu huwa halitofautiani sana: usijibu kwa hasira, jaribu kumwelewa, kazi yako itakusemea. Ukumbi unapiga makofi, ratiba inaendelea.

Jibu hilo si la kutupa. Lina kweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba limemgeukia aliyebaguliwa na kumwongezea kazi, huku aliyebagua amekaa meza kuu na chupa yake ya maji, hajaulizwa kitu. Kwa hiyo tunachopaswa kukichambua ni hiki: akili ya hisia inaweza kufanya nini dhidi ya ubaguzi kazini, inagota wapi, na nani adaiwe kuwa nayo kwanza?

Dhana na asili yake

Dhana yenyewe bado changa. Wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliiandikia makala ya kitaalamu mwaka 1990. Mwaka 1995 Daniel Goleman, mwandishi wa habari za sayansi, akaitolea kitabu kilichouzwa dunia nzima. Kwa Salovey na Mayer, akili ya hisia ni uwezo: kuzitambua hisia zako na za wengine, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zinatoka wapi na zinaelekea wapi, na kuziongoza. Goleman aliipanua, akatia ndani ari na stadi za kuishi na watu. Waliokuja nyuma yake wakiuza mafunzo wakaongeza ahadi kubwa kuliko ushahidi, na ndivyo jambo lililoanzia vyuoni lilivyogeuzwa dawa ya kila ugonjwa wa ofisi: utoro, migogoro, mauzo kushuka, na hatimaye ubaguzi.

Ukirudi kwenye maana ya mwanzo, huoni popote akili ya hisia ikielezwa kuwa ni kunyamaza. Hasira ni taarifa. Inamjulisha mtu kwamba kuna haki yake imeguswa. Mwenye akili ya hisia haifukii taarifa hiyo. Anaisoma, anaipima, kisha anaamua aipeleke wapi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha busara na woga, na semina nyingi huipita bila kuigusa.

Ubaguzi ulioandikwa na ubaguzi usioandikwa

Zamani ubaguzi ulikuwa na karatasi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940, tume ya Holmes iliyoshughulikia mishahara ya watumishi wa serikali za kikoloni Afrika Mashariki iliridhia kanuni ya tatu ya tano: Mwafrika au Mwasia mwenye sifa zilezile na kazi ileile alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Karani hakuwa na haja ya kukisia kama anabaguliwa. Alifungua jedwali la mishahara akajiona. Kanuni ilikuja kuondolewa baada ya tume ya Lidbury ya mwaka 1954, na haikuondoka kwa sababu makarani walijifunza kutabasamu. Iliondoka kwa sababu watumishi walilalamika kwa miaka, na jedwali likaandikwa upya.

Leo majedwali ni safi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mwajiriwa kwa orodha ndefu ya sababu: rangi, kabila au mahali anakotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na nyinginezo. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na Katiba ya 2010, tena baada ya machafuko ya uchaguzi ilipitisha mwaka 2008 sheria ya uwiano na utangamano inayosema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kwa maandishi, hatudaiwi mengi.

Kwa hiyo ubaguzi umehamia pasipoandikwa. Uko kwenye "huyu ni mtu wetu." Uko kwenye mkataba wa miezi sita unaohuishwa kwa wote isipokuwa aliyeanza kuonekana tumbo. Uko kwenye kikao ambamo wazo la binti linapita kimyakimya, dakika kumi baadaye kaka mmoja analirudia na mwenyekiti anaagiza liingizwe kwenye muhtasari. Uko kwenye jina. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao la kutuma maombi ya kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilikuwa za kubuni na majina yamegawanywa: nusu yanasikika ya Kizungu, nusu ya Wamarekani Weusi. Yale ya Kizungu yaliitwa kwa kiasi cha asilimia 50 zaidi. Hapa kwetu wasomaji wanajua jina la ukoo linavyoweza kumweleza msaili kabila, mkoa na mara nyingine dini, kabla mwombaji hajaketi.

Ubaguzi wa namna hii una sifa moja inayomchosha mtu: hauna uhakika. Anayetendewa hujiuliza kama ameonewa kweli au anajishuku tu. Hapo ndipo akili ya hisia inapokuwa na kazi ya maana.

Inachoweza kufanya

Chukua mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, mjamzito wa miezi sita. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya watakaohudhuria kozi ya mfumo mpya wa hesabu. Jumatatu anakuta limetolewa. Anakwenda kwa mkuu wa idara.

"Dada yangu," anaambiwa, kwa upole kabisa, "wewe kwa sasa shughuli yako ni moja, ujifungue salama. Haya ya kozi waachie vijana."

Njia mbili ziko wazi mbele yake. Ya kwanza ni kulipuka, na kufika saa saba mchana habari itakuwa imezunguka jengo zima kwamba mimba imempanda kichwani. Ya pili ni kumeza, arudi kwenye dawati lake akalie chooni. Yeye anashika ya tatu.

"Ahsante kwa kunijali, bosi. Naomba nielewe vizuri: jina langu limetolewa kwa sababu ya ujauzito, au kuna kigezo ambacho sikukifikia?"

"Aah, kigezo hakuna. Tuliona upumzike tu."

Kabla ya chakula cha mchana, barua pepe inamfikia mkuu wa idara, nakala kwa afisa rasilimali watu: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya asubuhi. Kama nilivyokuelewa, nimeondolewa kwenye kozi ya mwezi ujao ili nipumzike kwa kuwa ni mjamzito. Afya yangu inaniruhusu kuhudhuria, na ninaomba jina langu lirejeshwe."

Barua haina tusi wala kilio, na imefanya mambo matatu kwa mpigo. Imemsoma bosi sawasawa: huyu si katili, anaamini anatenda wema, kwa hiyo ameachiwa mlango wa kurudi nyuma bila kuaibika. Imelitoa jambo kwenye wingu la "labda" na kuliweka chini kama tukio lenye tarehe. Na imetengeneza ushahidi. Sheria ya Tanzania inasema mwajiriwa akionyesha kwa kuanzia kwamba kuna ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo unahamia kwa mwajiri. Huko kuonyesha kwa kuanzia hutegemea sana vipande vya karatasi kama hicho, na vipande hivyo haviandikwi na mtu anayetetemeka kwa ghadhabu.

Wataalamu wana maelezo ya kwa nini njia ya tatu ni bora kuliko ya pili. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ametofautisha kulitazama upya jambo kabla hisia haijafura, na kuficha hisia iliyokwisha kufura. Anayeficha uso wake hutulia kwa nje tu. Mwili wake unabaki na msukosuko uleule, na hata kumbukumbu ya yaliyosemwa hupungua. Kwa anayebaguliwa hasara hiyo ni kubwa, kwa maana kumbukumbu ndiyo silaha yake: nani alisema nini, lini, mbele ya nani.

Inapogeuka mzigo

Tuna jina letu la kiofisi kwa kile ambacho semina mbovu hufundisha: nidhamu ya woga. Mfanyakazi anacheka na utani wa kabila lake, anaitika "sawa bosi", anasifiwa kuwa ana utu uzima. Huyu hajaushinda ubaguzi. Ameugharimia.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild alilichunguza jambo hili kwa wahudumu wa ndege nchini Marekani na kuchapisha kitabu mwaka 1983. Alionyesha kwamba kutabasamu kwa amri, siku nzima, ni kazi kamili yenye uchovu wake, ingawa haionekani kwenye hati ya mshahara. Kwa anayebaguliwa, kazi hiyo inaongezeka juu ya ile aliyoajiriwa kuifanya. Mwenzake anamaliza ripoti; yeye anamaliza ripoti na kuupanga uso wake.

Tena hisia hazipimwi kwa mizani moja. Victoria Brescoll na Eric Uhlmann, katika utafiti wa mwaka 2008, waliwaonyesha watu wanaume na wanawake wakieleza hasira katika mazingira ya kazi. Mwanamume aliyekasirika alionekana anastahili cheo zaidi. Mwanamke aliyekasirika alishushwa, na hasira yake ikahesabiwa kuwa ndiyo tabia yake. Unapomwambia mwanamke wa namna hii "tawala hisia zako," unamtaka alipe bei ambayo mwenzake wa meza ya jirani hajawahi kutozwa.

Kisha kuna suala la saa. Methali zetu zinamsifu mvumilivu, kwamba atakula mbivu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania haina methali hiyo. Anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufungua mgogoro ndani ya siku 30. Migogoro mingine ina siku 60. Anayekaa miezi mitatu "akiangalia upepo," akingoja bosi alainike, anafika kaunta ya tume akiwa na haki lakini amechelewa, na itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini. Utulivu wenye manufaa ni ule unaokwenda na kalenda.

Ziko pia hali ambazo hekima ya hisia haina pa kushika. Dada wa Kikenya, Kiganda au Kitanzania anayefanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba chini ya mfumo wa kafala ana ukaazi uliofungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Akitoka nyumbani humo bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Nchi kadhaa za huko zimewaacha wafanyakazi wa majumbani nje ya sheria zao za kawaida za kazi. Dada huyo huenda ana akili ya hisia kuliko mtu yeyote aliyewahi kuiendeshea semina: anaisoma nyumba nzima kwa mlio wa mlango, anajua siku ya kusema na siku ya kukaa kimya. Ujuzi huo unamsaidia kuuvuka mwezi. Hauwezi kumrudishia pasipoti. Kinachoweza ni mkataba kati ya nchi na nchi, ubalozi unaopokea simu, na sheria inayomtambua kama mfanyakazi, kama unavyotaka Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011.

Wangari Maathai na mlango uliofungwa

Mfano wa nyumbani unaokusanya pande zote hizi ni wa Wangari Maathai. Katika kitabu cha maisha yake, *Unbowed*, anasimulia alivyorejea Kenya kutoka Marekani mwaka 1966, mkononi ana barua ya ajira ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alipofika kuripoti, profesa akamwambia nafasi amepewa mtu mwingine. Aliyepewa alikuwa wa jamii ya profesa huyo. Maathai alihitimisha kwamba kabila lilihusika, na uanamke wake nao ulihusika.

Kilichofuata ndicho kinachotufaa hapa. Hakujidanganya kwamba hakuumia. Hakuishia kwenye maumivu pia. Alitafuta mlango mwingine, akaupata katika idara ya anatomia ya mifugo chini ya profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Msomaji wa haraka ataishia hapo na kusema: unaona, kazi yake ilimsemea.

Haikuishia hapo. Ndani ya chuo hichohicho, wahadhiri wanawake walioolewa hawakupewa nyumba na marupurupu kama wenzao wanaume, kwa hoja kwamba mume ndiye anayemtunza mke. Shahada ya uzamivu haikuifuta kanuni hiyo. Maathai na rafiki yake Vertistine Mbaya waliivalia njuga: wakadai, wakawatafuta wenzao, wakataka hata chama cha wahadhiri kigeuzwe chama cha wafanyakazi chenye nguvu ya kisheria. Walichekwa, na wengi wa waliowategemea walirudi nyuma kwa kuogopa kazi zao na waume zao. Mwishowe wawili hao walipata masharti waliyoyadai. Wanawake wengine wakaendelea kungoja.

Kisa hiki kinatoa somo mara mbili. Mwaka 1966 uwezo wake wa kuibeba hasira bila kuvunjika ulimwokoa yeye. Miaka iliyofuata uwezo uleule, ukiunganishwa na madai ya pamoja, uliitikisa kanuni, ingawa ushindi uliishia kwa wachache kwa sababu umoja haukukamilika. Somo la kwanza ni kunusurika na la pili ni kushinda, na semina zetu hufundisha kunusurika zikiita ushindi.

Mdaiwa wa kwanza

Tukikubali kwamba akili ya hisia ni kujijua, kujizuia na kuwaelewa wengine, basi anayeihitaji zaidi ni mwenye kalamu ya kupandisha, kuhamisha na kufukuza. Upendeleo wake una nguvu ya kuharibu maisha ya watu. Hasira ya karani haina. Mkuu wa idara mwenye akili ya hisia ni yule anayeshtuka pale anapogundua amependezwa na msailiwa kwa kuwa wamesoma shule moja, akajiuliza kama angempa alama zilezile mtoto wa Mtwara au wa Garissa.

Hata hivyo, kuwategemea wakuu wajirekebishe wenyewe si mpango. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walipitia takwimu za zaidi ya kampuni 800 za Marekani kwa takriban miongo mitatu, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba mafunzo ya lazima dhidi ya ubaguzi hayakuongeza wanawake wala watu weusi katika uongozi. Pengine yaliwafanya mameneja wakaidi. Yaliyosaidia ni mambo ya kikazi zaidi: wakubwa kupewa vijana wa kuwalea kitaaluma, vikosi kazi vinavyouliza kwa nini idara fulani haijapandisha mwanamke, na kila meneja kujua kwamba atatolea maelezo uamuzi wake mbele ya wenzake.

Hapo hisia na utaratibu vinakutana. Usaili ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili anaandika alama zake kabla ya mazungumzo kuanza, unaubana upendeleo bila kumvunjia mtu heshima. Vigezo vya kwenda kozi vikibandikwa ubaoni, mkuu wa idara mwenye huruma ya kupotosha hana nafasi ya kumpumzisha mjamzito asiyeomba kupumzika.

Mfano mwingine ni mtumishi mwenye ualbino. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo ni mwanzo tu. Baada ya barua ya ajira kuna dawati lililotazamana na dirisha la magharibi, skrini yenye herufi ndogo, na ratiba ya kwenda eneo la mradi saa sita mchana. Bosi mwenye kuelewa hahitaji hotuba ya upendo. Anahamisha dawati, anakuza herufi, anapanga safari za asubuhi na jioni, anaruhusu kofia ndani ya kikao, kisha anampima mtu huyo kwa kazi yake kama wengine. Kumwelewa mwenzako kazini hupimwa kwa yale uliyobadilisha.

Hitimisho

Akili ya hisia, basi, ina mahali pake. Kwa anayebaguliwa ni ulinzi wa akili na mkono usiotetemeka wakati wa kuandika. Kwa kundi ni uwezo wa kumsubiri mwenzao anayeogopa bila kumdharau, ili siku ya kudai wawe wengi. Kwa mwenye mamlaka ni wajibu, na wajibu huo uwe sehemu ya tathmini yake ya mwaka kama yalivyo mapato na matumizi. Inapotumiwa kumtaka mnyonge aizoee hali yake, imeacha kuwa akili; imekuwa dawa ya usingizi.

Kwa anayetaka pa kuanzia, kifungu kilekile cha 7 cha sheria ya Tanzania kina sharti lisilozungumzwa sana: mwajiri anatakiwa kuandikisha kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Mfanyakazi, au bora zaidi tawi la chama cha wafanyakazi, linaweza kuuliza kwa adabu zote na kwa maandishi: mpango wetu uko wapi, uliandikishwa lini, na nani anausimamia?